Siku Tatu Rio de Janeiro: Safari Tuliyoipanga Mara Mbili



Safari fupi ndiyo ngumu kuipanga. Mwenye mwezi mzima anaweza kupoteza wiki na bado akarudi na cha kusimulia. Mwenye siku tatu kila anachokichagua kinakifukuza kingine. Ndivyo ilivyotukuta sisi wa nyumba hii pale kazi ilipotutaka twende Rio de Janeiro, nchini Brazil, kwa kikao cha siku mbili cha wahandisi wa bandari, nasi tukaamua kuongeza siku tatu za kwetu wenyewe. Kutoka hapa Uingereza ni mwendo wa ndege wa zaidi ya saa 11, na Amerika ya Kusini hatujapata kuikanyaga.

Tukafanya kama wafanyavyo watu wote. Tukachukua karatasi tukaandika: sanamu ya Kristo juu ya mlima, jabali la Sugarloaf, ufukwe wa Copacabana, uwanja wa mpira wa Maracanã. Karatasi tukaibandika kwenye mlango wa friji na tukajiona tumemaliza.

Jumamosi moja tukapata wageni, na miongoni mwao alikuwamo mzee wetu kutoka Lindi, ambaye jumuiya yote hapa humwita Bi Mkubwa. Amevuka miaka 80, na asili ya kwao ni Wamakua wa bara, upande wa Masasi. Akaiona karatasi, akataka asomewe. Tulipofika kwenye neno Brazil akaweka kikombe chini.

"Huko si ndiko Wareno walikokuwa wakiwapeleka watu wetu?"

Tukamjibu, "Ndiko, Bi Mkubwa."

"Basi mkifika, wanangu, nisalimieni mjomba."

Akatusimulia. Bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa na mjomba aliyechukuliwa akiwa kijana mdogo, shambani, alikokuwa akiamia ndege wasile mtama. Hakuonekana tena. Jina lake Bi Mkubwa analo, wala si letu kulichapa hapa. Tangu utoto aliambiwa kwamba Wareno walimvusha bahari wakampeleka Brazil. Akanywa chai yake, mazungumzo yakageukia mambo mengine. Sisi ile karatasi hatukuweza kuitazama tena vilevile.

Usiku ule tukaanza kusoma. Mhandisi akitumwa kazi mahali asipopajua huanza na ramani na tarehe, nasi tukaanza hapo.

Wareno waliingia kwenye ghuba ya Guanabara mwezi Januari mwaka 1502, na jina walilopapa maana yake ni Mto wa Januari, ingawa mto wenyewe haupo. Mji wakauanzisha mwaka 1565. Ukawa makao makuu ya koloni mwaka 1763, na mwaka 1808, baada ya Napoleon kuivamia Ureno, familia ya kifalme na baraza lake wakafika huko. Mji wa koloni ukageuka ghafla makao ya ufalme. Palihitajika majumba, barabara, maji, wapishi na wachukuzi, na mashamba ya kahawa yalikuwa yanaanza kupanda milimani. Kazi yote hiyo ilifanywa na watu walioletwa kutoka Afrika.

Zamani watumwa walikuwa wakiuzwa katikati ya mji, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Primeiro de Março. Katika miaka ya 1770 mtawala wa wakati huo, Marquis of Lavradio, akaamuru soko lihamishwe lisionekane na wakubwa, likapelekwa upande wa kaskazini, mahali paitwapo Valongo. Mwaka 1811 likajengwa pale gati la mawe. UNESCO, ambayo mwaka 2017 ililitia gati hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, inakadiria kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliingia Amerika ya Kusini kupitia Valongo. Katika Brazil nzima, kwa karne zote, idadi inakaribia milioni 5. Hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyopokea wengi kiasi hicho.

Wengi wao walitoka Kongo na Angola. Lakini Bi Mkubwa hakukosea alipowataja Wamakua. Mwaka 1815 Waingereza waliibana Ureno iache biashara hiyo kaskazini ya mstari wa ikweta, nao wafanyabiashara wa Rio wakazidi kugeukia kusini na mashariki: Quelimane, Inhambane, na Kisiwa cha Msumbiji, ambacho kilikuwa bandari ya Waswahili kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi miwili na zaidi, karibu mara mbili ya ile ya kutoka Angola. Si zote zilizofika. Meli ya São José ilitoka Kisiwa cha Msumbiji mwezi Desemba mwaka 1794 ikielekea Maranhão, kaskazini mwa Brazil, ikiwa na mateka zaidi ya 400. Tarehe 27 ya mwezi huohuo ikavunjikia kwenye miamba karibu na Cape Town. Mateka wapatao 212 walikufa, na waliookolewa waliuzwa palepale Rasini. Mabaki ya meli hiyo yalitambuliwa na kutangazwa mwaka 2015.

Waliofika Rio waliandikwa kwa jina la bandari. Mtu awe Mmakua, Myao au Msena, kwenye vitabu vya forodha na vya kanisa akawa "Moçambique" tu, mbele yake likatiwa jina la ubatizo. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa na neno lao. Waliosafiri katika meli moja waliitana *malungo*, neno lenye asili ya lugha za Kongo na Angola, na udugu huo wa meli ulihesabiwa kama udugu wa damu. Sisi tulio ugenini tunalielewa neno hilo bila kufasiriwa. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye si ndugu yake wa tumbo moja, ila walipokelewa pamoja mwaka walioingia nchi hii, na mpaka leo hazikani harusi wala msiba wa mwenziwe.

Basi tukaichukua karatasi ya kwanza tukaiweka kando. Huu ndio mpango mpya.

Siku ya kwanza tutaanzia bandarini. Gati la Valongo lenyewe lina historia inayomhusu mhandisi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu lilifichwa kwa kazi ya wahandisi. Mwaka 1843 mfalme Pedro II alikuwa anampokea bibi harusi wake, Teresa Cristina, kutoka Napoli, na haikufaa mama huyo ashukie pale waliposhukia watumwa. Yakapangwa mawe mapya, mazuri, juu ya yale ya zamani, mahali pakaitwa Gati la Malkia. Mwanzoni mwa karne ya 20 meya Pereira Passos, naye mhandisi, akaanzisha kazi ya kuupanua mji na bandari, na mwaka 1911 gati la malkia nalo likafukiwa. Bahari ikasukumwa mbali mamia ya mita. Kwa miaka 100 watu walipita juu yake. Mwaka 2011 mafundi waliokuwa wakichimba mitaro ya maji ya mvua, katika matengenezo ya bandari kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2016, wakayafikia mawe. Safari hii wakuu wa mji waliamua yasifukiwe. Leo mtu husimama ukingoni akaona tabaka mbili: mawe yaliyochongwa ya malkia, na chini yake mawe ya mviringo, yasiyolingana, yaliyokanyagwa na miguu mitupu.

Hatua chache kutoka hapo kuna makaburi ya wale waliokufa baada tu ya kushuka, kabla ya kuuzwa, walioitwa Weusi Wapya. Walitupwa katika mashimo mafupi, bila sanda wala jeneza, mpaka pakafungwa mwaka 1830. Mwaka 1996 familia moja ilikuwa ikitengeneza nyumba yake, mafundi wakachimba msingi, wakakuta mifupa. Mtu mwingine angemwaga zege na kunyamaza. Familia ile iliita wataalamu, na mwaka 2005 nyumba hiyo ikageuzwa taasisi ya kumbukumbu. Tutakwenda kusimama pale na kuwaombea.

Mkabala na gati kuna ghala kubwa la matofali lililojengwa mwaka 1871, na hilo tumeliwekea saa nzima. Aliyelijenga ni André Rebouças, mhandisi mweusi, aliyezaliwa Bahia mwaka 1838. Baba yake alikuwa wakili aliyejifundisha mwenyewe, mtoto wa mshona nguo Mreno na mwanamke aliyekuwa ameachwa huru. Rebouças alisoma Rio, akaenda Ulaya kuongeza ujuzi wa madaraja, reli na bandari, akarudi kwao kujenga. Aliposimamia magati haya utumwa ulikuwa bado halali katika Brazil, lakini alishikilia kwamba hakuna mtumwa atakayetumiwa katika kazi yake. Mwaka 1873 alipofika New York hoteli zilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Wangapi kati yetu tuliosoma ugenini, na shahada zetu mkononi, hatujawahi kugonga mlango wa namna hiyo?

Utumwa ulipofutwa mwaka 1888 Rebouças alidai zaidi ya uhuru wa karatasi: alitaka walioachwa huru wapewe ardhi. Hawakupewa. Mwaka uliofuata ufalme ukapinduliwa, naye akaondoka pamoja na mfalme. Akaishi Lisbon, akaja Afrika, akakaa kwa muda kusini ya bara letu, na akafa katika kisiwa cha Madeira mwaka 1898. Kwao hakurudi tena akiwa hai. Leo handaki kubwa linalopita chini ya milima ya Rio linaitwa Rebouças, kwa jina lake na la ndugu yake Antônio, naye mhandisi. Maelfu ya magari hupita humo kila siku, na tunajiuliza madereva wangapi wanajua ni jina la nani.

Siku ya pili ni ya mji wa kati. Tutatazama matao ya Lapa, mfereji wa maji uliokamilika mwaka 1750, uliopitisha maji ya mto Carioca juu ya bonde hadi mjini. Kazi ya mikono ya watumwa hiyo nayo, na tangu mwaka 1896 tramu hupita juu yake. Halafu twende kwenye jumba la zamani la mfalme, ambamo binti mfalme Isabel alitia saini sheria ya kufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888. Karibu na hapo palikuwa na kilima cha Castelo, ambapo mji ulikaa katika miaka yake ya mwanzo. Hatutakiona. Mwaka 1921 na 1922 wahandisi walikibomoa, wakatumia udongo wake kuijaza bahari. Rio ni mji unaohamisha milima yake na kuitupa baharini, kisha ukajenga juu yake. Kwa jicho la ufundi ni ajabu ya kusifiwa. Kwa jicho la historia ni mji uliozoea kufukia.

Hapo tutakumbuka pia msemo wao mmoja unaotuhusu sisi wakazi wa Uingereza. Mwaka 1831 Brazil ilitunga sheria ya kupiga marufuku kuingiza watumwa, kwa kushinikizwa na Waingereza. Hakuna aliyeifuata. Mamia ya maelfu ya watu waliendelea kushushwa usiku kwenye fukwe za siri mpaka ilipotungwa sheria ya pili mwaka 1850, ambayo ilisimamiwa kweli. Mpaka leo Mbrazil akiona jambo limefanywa kwa kuonyesha tu, husema limefanywa "Mwingereza aone".

Siku ya tatu ndiyo ya milima, maana hatukukusudia kurudi bila picha. Reli ya Corcovado ilifunguliwa mwaka 1884, sanamu ya Kristo ikakamilika mwaka 1931: mita 30 za zege ya nondo, bila kuhesabu kitako chake, iliyovikwa vipande vidogo vya mawe. Gari la kuning'inia kwenye waya hadi Sugarloaf, jabali lenye kimo cha mita 396, lilianza mwaka 1912. Lakini tutakaposhuka na reli tutatazama zaidi miti. Msitu ule wa Tijuca ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya kahawa, chemchemi zikakauka, mji ukakosa maji. Kuanzia mwaka 1861 ukapandwa upya, mche baada ya mche, chini ya usimamizi wa Meja Archer, na walioanza kazi hiyo walikuwa watumwa wachache wasiojaa hata gari moja la abiria. Maji yakarudi.

Chakula hakitatupa taabu. Mhogo ulitoka kwao ukaja kwetu na meli za Wareno, korosho vilevile, na wanapoliita tunda lake *caju* nasi wa pwani tunasema kanju. Mezani tutaelewana: *mesa* ni meza, *copo* ni kopo, na *bandeira* ya hotelini ni bendera. Maneno hayo yalipita katika njia ileile ya baharini walikopita watu.

Mpango ulipokamilika tukakumbuka salamu za mjomba. Tukataka kuzipeleka kwa haki, tukapiga hesabu.

Bibi yake Bi Mkubwa alizaliwa kabla kidogo ya Wajerumani kuuteka mwambao mwaka 1888. Mama yake huyo bibi basi alizaliwa kwenye miaka ya 1860, na kaka yake aliyekuwa akiamia ndege hawezi kuwa amechukuliwa kabla ya miaka ya 1860 mwishoni au 1870 mwanzoni. Soko la Valongo lilikuwa limefungwa miaka 40 iliyopita. Magendo ya Brazil yalikuwa yamekoma kwa miaka karibu 20. Tukarudia hesabu, ikatoka vilevile. Mjomba hakufika Rio.

Basi alikwenda wapi? Miaka hiyo misafara ya kutoka bara ya kusini ilikuwa ikishuka Kilwa Kivinje, bandari kubwa kuliko zote za biashara hiyo katika mwambao wetu. Kutoka Kilwa majahazi yalikwenda Unguja, kwenye soko la Mkunazini, na kutoka hapo mateka walikwenda kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba, au Uarabuni. Waliomnunua, waliomsafirisha na waliomuuza huenda hawakusema Kireno. Huenda walisema Kiswahili, lugha hii tunayoiandikia, na baadhi yetu tunaosoma gazeti hili ni wajukuu wao, kama wengine tulivyo wajukuu wa waliouzwa, na wengi wetu, tukikubali kuhesabu, ni wa pande zote mbili. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na Tanganyika mpaka mwaka 1922. Brazil, tuliyoizoea kuitaja kuwa ya mwisho, ilitutangulia.

Hapo ndipo tulipokwama. Tulikuwa tumewacheka wahandisi wa 1843 na 1911 kwa vifusi vyao. Kumbe nasi tuna kifusi chetu, chepesi kubeba na kizuri kukitazama: kwamba Mreno ndiye aliyechukua, ng'ambo ya bahari ndiko walikopelekwa, na sisi wa pwani tulikuwa tumesimama kando tukitazama. Je, tumwambie mzee wa miaka 80 na zaidi kwamba hadithi ya bibi yake ina kosa? Mmoja wetu akasema tunyamaze, ana haki ya kubaki na amani yake. Mwingine akasema salamu zimepewa watu wazipeleke, na huwezi kupeleka salamu mahali ambapo mwenyewe hayupo.

Tukaenda kwake. Tukampa shikamoo, tukakaa, tukamweleza polepole, miaka kwa miaka. Alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Tulipomaliza alinyamaza kitambo.

"Kwa hiyo hakuvuka bahari kubwa."

"Kwa hesabu zetu, hakuvuka, Bi Mkubwa."

"Bibi alikuwa akisema Wareno," alisema. "Tulikuwa tumeolewa kwa watu wa pwani. Angesema nani?"

Hatukuwa na jibu. Akatuongezea chai, kisha akasema tukifika Rio tuwaombee wale wa kwenye mashimo, kwani nao wana bibi zao walioulizia. Na tukirudi, tukae naye tupange safari nyingine, fupi vilevile, ya Kilwa Kivinje na Pemba. Yeye mwenyewe atakwenda, magoti yakimruhusu.

Tunaondoka karibuni, tukijaliwa. Karatasi ya friji sasa ina pande mbili: upande mmoja Valongo, upande wa pili Kilwa. Wasomaji ambao katika nyumba zao kuna jina la mtu aliyechukuliwa, au la mtu aliyenunuliwa akaingizwa katika ukoo kisha asili yake ikanyamaziwa, waliandike sasa, wangali hai wanaolijua.

Wassalaam.